Sponji ya Tatu

Nilikaribia kufa kwa adabu. Wengine hufa kwa ajali, wengine kwa uzee, mimi adabu ndiyo iliyotaka kunitanguliza, na katika hilo nilikuwa na mwenzangu, mume wangu, ambaye ana adabu kuliko mimi. Naandika haya kifua changu kikiwa na upande mmoja, na mkono wa kushoto nimeuweka juu ya mto kwa sababu nikiuning'iniza unavimba. Nakuandikia wewe uliyejitazama kwenye kioo asubuhi, ukaona titi moja halifanani na la jana, ukavaa blauzi haraka haraka ukaenda kazini.

Naitwa Zuhura, mtaani wananiita Mama Nasri. Kazi yangu ni kutengeneza sidiria Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Sidiria za mtumba zikitoka kwenye belo huwa zimechoka: lastiki imelegea, kulabu zimepinda, waya umetoboa kitambaa unamchoma mtu ubavuni. Mimi nazifufua. Nina cherehani yangu kwenye kibaraza cha duka la Mama Kamla, mwanamke wa Kihindu anayeuza vifungo, zipu, nyuzi na kila kinachohitajika na fundi, na nimekaa pale miaka kumi na tatu. Mteja akisimama mbele yangu simpimi kwa futi. Namtazama, namwambia namba yake, akibisha namwambia ajaribu juu ya blauzi tuone. Na kwa kuwa nimetazama vifua vingi kuliko ustadhi alivyotazama misahafu, nikwambie kweli: sijapata kuona mwanamke mwenye matiti yaliyolingana sawasawa. Kila mmoja ana lake kubwa na lake dogo. Ni vile tu kwa wengi haionekani.

Kwangu ilionekana. Tulipokuwa wasichana Lindi tulikuwa tunafukua wale wadudu wanaojificha kwenye vishimo vya mchanga, tunawaweka kwenye chuchu watung'ate, tukiamini matiti yatakua upesi. Mdudu wangu alining'ata kushoto, uchungu wake ukanifanya nikimbie kabla ya zamu ya kulia. Basi kushoto likaja na kulia likabaki kama andazi lililokosa hamira. Wenzangu walinicheka mpaka nikaacha kwenda nao kuoga. Leo najua mdudu hakuwa na kosa, lakini miaka ile niliamini kabisa kwamba nimejiharibu mwenyewe kwa woga.

Nilipojifunza ushonaji nilipata dawa yangu. Nilijishonea sidiria yenye kikombe cha kulia kilichojazwa sponji, nikiipunguza kidogo kidogo kwa mkasi mpaka mbele ya kioo nikawa sawa. Hakuna mteja aliyewahi kujua. Na nilipoposwa na Hamisi, somo yangu, Bi Mwajuma, aliyenifunda tangu nilipovunja ungo, alinikalisha chini akaniambia: "Mwanangu, kasoro yako ni yako. Mume asiione mchana. Usiku giza litakustiri, na unachovaa kifuani usikivue, atakuzoea hivyo hivyo." Nikamtii. Nililala na sidiria miaka kumi na moja ya ndoa. Hata nilipomnyonyesha Nasri nilijigeuza ukutani.

Hamisi ni fundi wa magari, gereji yao iko Gerezani. Ni mtu mpole, hasemi sana, na sifa yake kubwa ni mikono. Anaweka kiganja juu ya injini inayounguruma, anafumba macho, kisha anakwambia beringi gani imekufa. Watu wanatoka mpaka bandarini wanaleta malori aje ayaguse tu. Na mtu huyo ndiye niliyedhani nimemficha titi miaka kumi na moja. Ujinga mwingine hauna hata jina.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea.

Mwaka ule baada ya Idi niliona sidiria yangu inakaa kombo. Kushoto kumejaa, kulia sponji haitoshi. Nilijiambia nimenenepa, Ramadhani tumekula sambusa mno. Nikabadilisha kikombe cha kushoto, nikanunua sponji ya nusu inchi kwa Mama Kamla, nikakata, nikashona, nikawa sawa. Mwezi wa saba ikatokea tena. Mara hii nikailaumu sindano ya uzazi wa mpango. Nikanunua sponji ya robo tatu. Mwanamke mwingine angeona titi linakua akashtuka. Mimi niliona kazi ya fundi, kipimo kimebadilika, basi unarekebisha.

Na usinione nilikuwa sijui kabisa. Kulikuwa na kitu kigumu. Nikioga, mkono wenye sabuni ulikuwa unapita pale haraka kama unavyopita mbele ya nyumba ya mtu anayekudai. Sikusimama. Niliogopa nikisimama nitalazimika kumwambia mtu, na kumwambia mtu ni kufungua yote, sponji na mdudu na miaka yote ile.

Mwezi wa kumi, mawingu ya vuli yameanza kujikusanya lakini mvua bado, niliingia dukani kwa Mama Kamla kununua sponji ya inchi nzima.

"Shikamoo, Mama Kamla."

"Marahaba. Hii ya nani?" Hakuikata. Aliishika tu mkononi.

"Ya mteja."

"Mteja gani? Mwezi wa nne nusu inchi. Mwezi wa saba robo tatu. Leo inchi moja. Na kila mara kipande kimoja, hununui viwili. Huyo mteja wako upande mmoja unapungua, au upande mmoja unaongezeka?"

Mama Kamla anauza sponji tangu mimi sijazaliwa, anajua nani ananunua nini. Alimwachia binti yake duka, akanivuta nyuma kwenye stoo ya zipu, akafunga mlango.

"Fungua," akasema.

"Mama Kamla, mimi siwezi."

"Mimi mwanamke mzee, nimeosha maiti za dada zangu wawili. Fungua."

Nikafungua. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniona kwenye mwanga tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Mama Kamla alivaa miwani. Chuchu ya kushoto ilikuwa imevutwa ndani, na ngozi chini yake ilikuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Hata mimi nilikuwa sijaitazama vile. Kisha akanifunga vifungo vya blauzi mwenyewe, kimoja kimoja.

"Leo," akasema. "Usiniambie kesho. Nenda kamwambie mumeo sasa hivi."

Nikatembea mpaka Gerezani. Hamisi alikuwa chini ya lori, nikaona miguu tu. Nilimwita, akatoka akijifuta. Nikamwambia nahitaji kwenda hospitali, kifua kina tatizo. Hakuniuliza tatizo gani. Alikwenda kwenye bomba akanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko, akavaa shati, akasema, "Twende." Wakati ule nilimshukuru kwa kutokuuliza. Baadaye ndipo nilipokuja kujua kwa nini hakuuliza.

Tulipanda basi la mwendokasi mpaka hospitali kubwa, na kuanzia siku hiyo maisha yetu yalihamia kwenye benchi. Kama hujawahi, nikueleze. Unafika alfajiri, unapewa namba, unakaa. Benchi ni la mbao, limeng'arishwa na makalio ya waliotangulia. Kila mwanamke amejifunika kanga kifuani hata kama joto linaua, na hakuna anayemuuliza mwenzake lipi, la kulia au la kushoto. Mnazungumza kuhusu watoto, bei ya nyanya, foleni. Akiitwa mtu mnamfuata kwa macho mpaka mlango ufungwe. Akitoka mnamtazama usoni, kisha mnatazama chini.

Walinipiga picha. Walinichoma sindano nene wakachukua kinyama. Wakatuambia tusubiri majibu wiki mbili, na wiki hizo mbili nilishona sidiria nyingi kuliko nilivyowahi kushona, na Mama Kamla alikuwa ananiletea chai ya tangawizi kila saa nne.

Siku ya majibu daktari alikuwa mwanamke kijana, mdogo kwangu. Alisema ni saratani. Alilisema neno lenyewe, hakulizungusha, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Kisha akafungua faili, akauliza, "Uligundua lini mabadiliko?"

"Kama miezi miwili hivi," nikasema. Uongo ulitoka wenyewe.

Hamisi alikuwa ameketi pembeni yangu, anatazama sakafu. Akasema, "Si kweli, dokta. Ni tangu kabla ya Ramadhani."

Daktari akaandika. Mimi nikamgeukia mume wangu, na nadhani nilimtazama kama ninavyomtazama mwizi wa sokoni.

Tulipotoka nilimvuta kwenye korido, pale karibu na dirisha la maabara, nikamuuliza alijuaje. Akasema nikilala huwa najigeuza, mkono wake huwa pale. Akasema alijua tangu wiki ya kwanza ya ndoa kwamba matiti yangu hayalingani na ndani ya sidiria kuna sponji. Na mwezi mmoja kabla ya Ramadhani alisikia kitu kigumu kushoto, kama punje ya kunde, na akaendelea kukisikia kinakua.

"Ukanyamaza," nikasema.

"Siku ya kuoa, baba mdogo aliniambia, ukikuta upungufu kwa mkeo mfunike, mume ni nguo ya mke. Nilijua hutaki nijue. Nikaona nikikwambia nimegusa uvimbe, nimekwambia pia najua lile unalolificha. Ungeona aibu."

"Ningeona aibu, Hamisi. Ningekuwa na aibu na uhai."

Miezi tisa, muda wa kubeba mimba, vidole vinavyosikia beringi iliyokufa vilikuwa vinasikia kifo changu kinanenepa na mdomo umefungwa kwa heshima. Nilitaka kumpiga kofi pale pale. Lakini nami nilikuwa na sponji tatu za kujieleza, kwa hiyo mkono haukunyanyuka. Tulirudi nyumbani Buguruni kila mmoja akitazama dirisha lake.

Dripu za dawa ya saratani zilikuwa nane, moja kila wiki tatu, na daktari alisema zitangulie ili uvimbe usinyae kabla ya kukata. Siku za dripu ndizo zilizokuwa kalenda yangu. Ya kwanza mvua za vuli zinanyesha. Ya pili nywele zikatoka, nikaamka zimebaki kwenye mto kama manyoya ya kuku aliyechinjwa, nikamwambia mama mkwe anyoe zote. Ya tatu kila chakula kikawa na ladha ya msumari. Kwenye kiti cha dripu jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Mkuranga, mchangamfu kupita kiasi, ambaye alikuwa anakuja na ndimu kwenye mfuko wa kaki, anazigawa kwa wote tunyonye tusitapike. "Nyonya, bibi harusi," alikuwa ananiambia, na mimi upara unang'aa. Kwenye dripu ya tano kiti chake kilikaliwa na mtu mwingine. Sikuuliza. Nesi alinipa ndimu mbili akasema, aliziacha.

Baada ya hiyo ya tano, walipobadilisha dawa, vidole vyangu vikaanza kufa ganzi. Kwanza ncha, kisha mpaka vifundo. Nilikuwa natoboa kidole kwa sindano ya cherehani nisijue mpaka nione damu kwenye kitambaa. Kucha zikawa nyeusi. Ramadhani ikanikuta kwenye dripu ya sita, nikala mchana nimejificha jikoni, nalia na uji, ingawa shehe mwenyewe alisema mgonjwa hana kosa.

Na Hamisi? Hamisi hakukosa hata siku moja. Alikuwa ananibeba mgongoni kutoka kituoni nikishindwa kutembea. Alifua, alipika, alimpeleka Nasri shule. Lakini hatukuzungumza. Nikimwambia maji, analeta maji. Nikimwambia asante, anaitika. Nilikuwa namchukia na namhitaji kwa wakati mmoja, na nikwambie, hiyo inachosha kuliko dripu.

Mama mkwe, Bi Salma, alikuwa amekuja kutoka Kilwa kuniuguza. Hakutaka nikatwe. Alileta mizizi iliyochemshwa ndani ya chupa ya maji ya dukani, na siku moja, mbele ya mashangazi waliokuja kunitazama, akasema kwa sauti: "Mwanamke hana titi, mume atamtazama nini?" Hamisi alikuwa mlangoni. Nilimwangalia aseme neno moja tu. Mama yake ni mama yake, akainamisha kichwa. Siku ile moyoni mwangu nilimwacha. Nilijisemea nikipona nitarudi Lindi kwetu.

Nilikatwa masika, mvua inapiga mabati ya wodi usiwasikie hata manesi. Karatasi ya kukubali nilitia sahihi mwenyewe. Nilipozinduka nilipeleka mkono, na mkono wangu haukunisaidia maana vidole havisikii kitu. Ilibidi niinue shuka nitazame. Kulikuwa na bandeji bapa, na mpira unaotoka ubavuni kwenda kwenye kichupa chenye maji mekundu. Kichupa kile nilitembea nacho wiki mbili kwenye kipochi cha kitenge nilichokishona kabla, kama mtu anayekwenda harusini. Aliyekuwa anakimwaga na kunifunga kidonda alikuwa Bi Salma yule yule. Siku ya kwanza alipofungua bandeji alisema, "Nisamehe mwanangu, mdomo wangu ule ulikuwa mdomo wa woga." Nikamsamehe. Yeye alikuwa amesema, angalau.

Kipupwe kilikuwa cha mionzi, kila siku ya kazi, wiki tano. Mionzi yenyewe haiumi, unalala tu peke yako kwenye chumba cha baridi. Baadaye ngozi inakuwa nyeusi, inababuka, kanga inanata. Jasho la Kariakoo likiingia pale unamkumbuka kila uliyemkosea.

Siku ya mwisho daktari alituketisha wote wawili. Akasema matibabu yamekwenda vizuri, lakini ugonjwa huu una tabia ya kurudi, na ukirudi, uhai wangu utategemea umegundulika mapema kiasi gani. Kila mwezi nipapase kovu, kwapa, na titi lililobaki.

"Dokta, vidole vyangu havisikii," nikasema. "Huenda visirudi, si ndivyo ulivyoniambia?"

Akamtazama Hamisi. "Basi baba utakuwa wewe."

Katika watu wote wa dunia hii, maisha yangu yalikuwa yamekabidhiwa kwa mtu ambaye aliwahi kukigusa kifo changu akanyamaza.

Ijumaa ya kwanza, baada ya swala ya mchana, nilimwambia afungue pazia. Akasema majirani. Nikamwambia chumba ni cha juu, majirani labda kunguru. Nikavua kila kitu, nikasimama kwenye jua la dirishani, mke wa miaka kumi na miwili, mume wangu ananiona kwa mara ya kwanza. Kulia kadogo kangu, kushoto kovu kutoka kwapani mpaka katikati. Alitazama.

"Sema," nikamwambia. "Sema chochote, hata kibaya. Ukinyamaza naondoka leo."

Akatazama tena, kama anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. "Wameshona kombo," akasema. "Hapa mwishoni uzi umevuta ngozi."

Nilicheka mpaka nikakaa kitandani, kisha nikalia, naye akalia, na ndipo tulipozungumza. Tulizungumza mpaka alasiri. Nilimwambia kuhusu mdudu. Aliniambia hiyo miezi tisa alikuwa anakwenda kukaa peke yake kwenye magari mabovu, anajifunza jinsi ya kuniambia, na kila alipofika nyumbani aliniona naangalia pembeni, akaghairi. Sikumsamehe siku hiyo. Nilianza tu.

Kuhusu kifua bapa, nisikufiche, sponji haifai. Ni nyepesi, ukiinama inapanda mpaka shingoni. Nilijaribu kushona kifuko nikakijaza mtama, kikawa na uzito mzuri, ila jasho liliupata ukaanza kunuka pombe ya kienyeji mbele ya mteja. Mama Kamla ndiye aliyeniletea shanga za kioo, ndogo kabisa. Kifuko cha pamba, shanga ndani, kipimo sawa na upande wa pili. Huwa nawashonea na wengine wanaonifuata kibarazani. Wanasema wamekuja kurekebishwa lastiki, nami nawapeleka stoo ya zipu.

Na huko stoo huwa nawaambia ninachokuambia wewe. Matiti kutolingana si ugonjwa. Kama tangu usichana wako moja kubwa moja dogo, vaa sponji yako utembee, hukumkosea mtu. Lakini unajua tofauti yako ni kiasi gani. Siku tofauti hiyo ikibadilika usinunue sponji nyingine. Na anayelala karibu nawe mpe ruhusa kwa mdomo wako: ukikuta kitu, niambie, hata kama nitaona aibu, hata kama nitakutukana.

Nilikuwa nimempa Hamisi ruhusa hiyo. Lakini ruhusa ni maneno. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi alipokuwa ananipapasa, mimi nilikuwa simtazami anachogusa, namtazama uso. Nilikuwa nangoja nione kama macho yake yatakwepa. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, alisema, "Hamna kitu," nami nikalala siamini.

Mwezi wa sita wa kupapaswa, joto la kaskazi limetufunika, vidole vyake vilikuwa kwapani vikasimama. Vikarudi nyuma. Vikasimama tena pale pale. Nikaona taya linajikaza. Jirani alikuwa anatwanga kitu kule chini, nikawa nahesabu mipigo ya mchi: mmoja, miwili, mitatu, minne. Sikumsaidia. Nilijiambia kama hatasema, basi afadhali nijue leo nimeolewa na nani.

"Mama Nasri," akasema. "Hapa pana kitu. Ni kidogo, kigumu, hakikuwepo mwezi uliopita. Vaa nguo twende."

Nikwambie mapema ili roho yako isining'inie kama yangu ilivyoning'inia siku tisa: lilikuwa fundo la kovu tu. Walichoma sindano, wakapima, hakuna ugonjwa. Kesho siijui, na wewe huijui yako. Lakini ile Ijumaa tulikuwa hatujui hilo. Tulikimbia na jua la saa tisa, yeye na ovaroli yake ya gereji, mimi blauzi nimeivaa ndani nje, tukaingia kliniki ikiwa karibu kufungwa. Benchi bado lilikuwa limejaa, wanawake na kanga zao, na baadhi wamekuja na waume zao, wale wanaokaa mwisho wa benchi wakitazama simu.

Nesi wa mapokezi alikuwa amechoka. Alichukua kadi yangu, akauliza bila kuinua kichwa, "Nani amegundua huo uvimbe?"

Nilifungua mdomo. Hamisi alinitangulia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya gereji, ya kuita mtu upande wa pili wa lori.

"Mimi," akasema. Benchi zima likageuka kumtazama. "Mimi mume wake. Nimempapasa, nimekuta kitu, nimemwambia."